TUULIZE KABLA YA KUAMINI

Ndugu wafanya kazi,

Neno letu safari hii si la mshahara wala la nyumba, ingawa mwisho wake ni mshahara na nyumba. Ni neno la habari: jinsi mfanya kazi anavyopaswa kuzisikia na kuzipima kabla ya kumpelekea mwenzake.

Sisi tuliozaliwa Mikinduri, katika Meru, hatuna reli kwetu. Anayekwenda likizo hushuka Nanyuki au hupanda basi toka Nairobi. Lakini habari za dunia hufika Mikinduri upesi kuliko gari lolote, na mlango zinaoingilia ni bei ya miraa. Mwaka 2013 Uholanzi ilipiga miraa marufuku. Tarehe 24 Juni 2014 Uingereza ikafanya vivyo hivyo, ingawa baraza la wataalamu wa Serikali yake yenyewe lilikuwa limeshauri Januari 2013 kwamba isikatazwe. Waziri mmoja alitia sahihi London, na mama wa Tigania akakosa karo ya shule. Basi nani atasema kwamba habari za dunia hazituhusu?

Tena tazameni habari ya Somalia. Machi 2020 soko la Mogadishu lilifungwa, na sababu iliyotangazwa ilikuwa ugonjwa wa korona. Mwaka ule ule ndege za abiria zikarudi angani, lakini miraa haikurudi. Desemba 2020 Somalia ikavunja uhusiano wa ubalozi na Kenya. Ni Julai 2022 tu, baada ya marais wa nchi hizi mbili kupatana, ndipo mizigo ya miraa iliporuka tena. Aliyesikia neno "korona" akatosheka, alikaa akingoja ugonjwa uishe. Aliyefuata na habari za ubalozi alijua kwamba mlango ule ulikuwa na kufuli mbili, akapanga maisha yake kwa miaka, si kwa wiki. Watu hawa wawili walisikia redio moja. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliuliza.

Wako wenzetu wasemao, "Siasa na mambo ya dunia ni ya wakubwa. Sisi tutafute posho." Twawajibu kwa heshima: posho yenyewe imo ndani ya mambo hayo. Wako wengine wasemao, "Wote ni waongo, magazeti na Serikali na redio, mimi siamini lolote." Hawa nao twawajibu, kwa maana mtu asiyeamini lolote hana nguvu kuliko yule anayeamini yote. Mmoja huvutwa na kila kamba, na mwingine hukaa palepale hata nyumba ikiungua. Kupima habari si kuikataa. Kupima ni kazi, kama kupima upana wa reli, na ina vyombo vyake.

Sisi watu wa reli tunacho chombo cha zamani. Mahali penye njia moja, ambapo magari hupishana stesheni tu, stesheni masta haachi gari liondoke kwa sababu mtu amepita akasema njia ni nyeupe. Huuliza stesheni ya mbele. Yule wa mbele hujibu, na maneno yake hurudiwa ili kuhakikisha yamesikiwa sawa. Huandikwa katika kitabu, pamoja na saa. Ndipo dereva hupewa idhini yake mkononi. Kazi yote hiyo ni kwa sababu ya neno moja dogo, "nyeupe", kwa kuwa neno hilo likiwa la uongo watu watakufa. Nani alisema? Alikuwa wapi aliposema? Saa ngapi? Je, ameulizwa mara ya pili? Twaona kwamba habari ya siasa nayo yastahili kuulizwa hivyo, maana nayo imekwisha kuua.

Tuanze na maneno madogo, kwa sababu uongo mkubwa hupenda kupanda juu ya maneno madogo.

Katika shule ya misheni mwalimu alituandikia ubaoni: alijenga, anajenga, atajenga, amejenga. Tuliimba maneno hayo bila kujua kwamba tunapewa silaha. Mtu akikusomea habari ya siasa, tafuta kwanza silabi ile iliyo katikati. Ni "-ta-" au ni "-me-"? Tarehe 2 Machi 2012, huko Lamu, marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia walizindua mradi wa bandari, barabara, bomba la mafuta na reli itakayopita Isiolo. Isiolo ni jirani yetu. Vijana wengi wa Meru walijiona tayari wamevaa kofia za reli, na mashamba ya kando ya njia yakapanda bei. Habari ile haikuwa ya uongo. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ipo. Lakini reli ya Lamu hadi Isiolo haijajengwa. Bandari imekuwa "-me-", reli imebaki "-ta-". Aliyenunua shamba kwa bei ya "-me-" wakati kitu ni "-ta-" hawezi kumdai mtu, kwa maana hakuna aliyemwambia kwamba reli imejengwa. Alijiambia mwenyewe.

Na sisi wa reli tunayo ya kwetu. Novemba 2006 njia za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Maneno ya wakati ule yalikuwa yote "-ta-": vichwa vipya vitaletwa, mizigo itaongezeka, njia itatengenezwa. Mkataba ule ulivunjika mwaka 2017, haukumaliza hata miaka kumi na moja. Ahadi si dhambi, lakini ahadi isiyo na tarehe na isiyo na jina la mtu wa kuulizwa si habari. Ni upepo.

Neno dogo la pili ni "inasemekana". Ndugu, inasemekana na nani? Neno hili halina mwenyewe, halina kijiji. Likisomwa gazetini, ama mwandishi anamficha mtu kwa sababu njema, ama hana mtu. Likija katika simu, mara nyingi hana mtu. Wazee wetu wana methali, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja," na watu huitumia kana kwamba ni hati ya mahakama. Lakini wazee hao hao walisema, "Kuuliza si ujinga." Nchi hii ilijifunza kwa damu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na katika taarifa yake ya mwaka 2008 ililaumu pia baadhi ya redio za lugha za kienyeji kwa maneno ya chuki. Wakati ule simu zilipeleka maneno machache tu. Leo simu ya mkulima wa Mikinduri hubeba picha na sauti, na picha ya vita vya nchi moja hupewa jina la nchi nyingine, na ya mwaka mmoja jina la mwaka mwingine. Kwa hiyo, picha ikija, tuulize maswali ya stesheni masta: ya wapi, ya lini, na nani alikuwapo?

Neno dogo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani kama uongo. Neno hilo ni "baada ya".

Mto Tana, unaopokea maji ya milima yetu ya Meru, hutelemka hadi nchi kavu ya Hola. Huko Serikali ya kikoloni ilikuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 85 walipelekwa shambani ili walazimishwe kufanya kazi waliyoikataa. Wafungwa kumi na moja walikufa. Kesho yake Serikali ilitoa tangazo. Halikusema kwamba walipigwa. Lilisema kwamba vifo vilitokea baada ya wao kunywa maji ya gari la maji, maji ambayo wenzao na askari pia waliyatumia.

Pimeni tangazo hilo, ndugu. Huenda kweli walikunywa maji. Huenda kweli walikufa baadaye. Kila kipande cha maneno chaweza kusimama mbele ya hakimu, na bado jumla yake ni uongo mkubwa, kwa sababu msomaji aliachwa ajaze mwenyewe: maji yalikuwa mabaya. Tangazo lilisema "baada ya", msomaji akasikia "kwa sababu ya". Hata kule kutaja askari waliokunywa maji yale yale kungemfanya mtu mwenye kuuliza ashtuke: mbona askari hawakufa?

Kilichofichua ukweli ni watu walioendelea kuuliza. Madaktari walichunguza maiti. Hakimu akafanya uchunguzi wake mwaka ule ule, akakuta kwamba watu wale walikufa kwa mapigo. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959 jambo hilo lilijadiliwa katika Bunge la London, na mmoja wa walioishambulia Serikali kwa maneno makali zaidi alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama chake yenyewe. Twaona hapa jambo la kutia akilini: mtu anaposema neno linaloumiza upande wake, neno lake lina uzito kuliko la mtu anayejisifu. Si kwamba huyo ni malaika. Ni kwamba hana faida katika neno lile.

Sasa yule mwenzetu asiyeamini lolote atasema, "Mmeona? Serikali huongopa daima, basi tuamini maneno ya njiani." La hasha. Serikali ikikutwa na uongo, maneno ya njiani hayawi kweli kwa sababu hiyo. Lakini ni kweli pia kwamba maneno ya mtu mdogo mara nyingine huwa sawa na ya mkubwa huwa kombo. Mwaka 1956 mama mmoja Mwingereza, Eileen Fletcher, aliyekuwa ameajiriwa kuwarekebisha wafungwa hapa Kenya, aliandika juu ya mateso na juu ya wasichana wadogo waliofungwa Kamiti. Wakubwa walimkana. Hata hivyo alikuwa ametaja mahali, na alikuwapo. Aliyesema anajua kwa sababu aliona, naye akataja alipoonea, huyo asikilizwe hata kama hana cheo.

Na kwetu Meru tunao mfano. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, na Serikali ikasema vita vya msituni vimekwisha. Hali ya Hatari ikaondolewa Januari 1960. Lakini Desemba 1963, nchi ilipopata uhuru, Musa Mwariama alitoka katika misitu ya Meru pamoja na watu wake. Neno "vimekwisha" lilikuwa la aliyetaka viishe.

Tena msifikiri kwamba maneno madogo ni ya zamani tu. Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 waliodai kwamba waliteswa wakati wa Hali ya Hatari, jumla pauni milioni 19.9 pamoja na gharama. Wengi walisikia kwamba Uingereza imekiri na kuomba msamaha. Maneno ya Waziri William Hague bungeni yalikuwa mengine: Serikali yake inasikitika kwa dhati, lakini inaendelea kukataa kwamba inawajibika kisheria. Kusikitika ni neno la mtu aliyepita karibu na ajali. Kuwajibika ni neno la dereva. Wazee walistahili fedha zile na zaidi ya zile, na kesi yao ilisaidiwa na mafaili ya kikoloni yaliyofichwa Hanslope Park huko Uingereza, yakajulikana mwaka 2011. Mafaili ya makoloni 37 yalikuwa yamewekwa huko, kiasi cha 8,800. Miaka hamsini karatasi zililala. Hizi ndizo habari: nyingine hufika upesi na ni za uongo, na za kweli huja polepole, zikisukumwa na wanaouliza.

Lipo swali jingine lisilosahauliwa: nani atafaidika nikiamini? Machi 2018 televisheni moja ya London ilionyesha wakubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica wakijisifu kwa siri kwamba wao ndio walioendesha mambo katika uchaguzi wetu wa 2013 na wa 2017. Watu wengi walishika vichwa wakasema, "Kumbe kura zetu zilitengenezwa Ulaya!" Twasema: pole pole. Ni vibaya kampuni ya kigeni kuuza hofu katika nchi ya watu, na yafaa ichunguzwe. Lakini wale waliokuwa wakijisifu walidhani wanazungumza na mnunuzi. Mchuuzi hawezi kusema samaki wake ameoza. Basi kujisifu kwao nako kupimwe kwa mizani ile ile. Mwenye shaka ya kweli humtilia shaka hata yule anayemletea habari anayoipenda.

Na zipo habari ambazo hatupewi kabisa. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Tuliiona, tuliipanda, magari yapo. Lakini mikataba ya mkopo wa Benki ya Exim ya China ya mwaka 2014 wananchi hawakuonyeshwa mpaka Novemba 2022, na hata hapo ni sehemu tu. Kwa miaka mitano tulionyeshwa picha za gari na hatukuonyeshwa deni. Siku nyingine kupima habari ni kuuliza, "Ni karatasi gani ambayo haijawekwa mezani?"

Sasa tuje kwa kazi, maana chama si kanisa la kuhubiri tu. Mtu mmoja hawezi kupima habari zote. Tazameni mkulima wa miraa. Majani yake hayawezi kungoja, siku mbili tatu yamekauka. Dalali akija alfajiri akasema, "Leo Mogadishu kumeharibika, ndege hairuki, nakupa nusu," mkulima hana nafasi ya kungoja gazeti. Habari inayokutaka uamue sasa hivi ndiyo ya kuogopwa zaidi. Lakini kama ana ndugu Nairobi, mtu mwaminifu anayeweza kuuliza uwanjani na kumpigia simu, dalali yule atajifunza adabu. Nguvu ya mkulima ni yule ndugu aliye mahali penyewe.

Chama chetu ni watu wa namna hiyo, toka Mombasa hadi Malaba. Kwa hiyo twaleta maoni haya. Kila tawi lichague watu wawili wa kushika daftari la habari. Habari nzito ikisikika, ya kazi au ya siasa, iandikwe: nani kasema, lini, wapi. Kisha apigiwe mwenzetu aliye pale. Ikithibitika, iandikwe imethibitika. Ikiwa uongo, wale wale walioisikia waambiwe kwamba ni uongo. Isiyojulikana iandikwe haijulikani, wala tusione haya kwa neno hilo. Tena lisisomwe gazeti moja tu, wala redio ya lugha moja tu. Wa Meru amsikilize Mjaluo wa Kisumu anachosikia kwao, na Mdigo wa Pwani amsikilize Mkamba. Uongo unaolenga kabila moja hufa upesi ukisomwa mbele ya makabila manne.

Na daftari hilo lisiwaachie viongozi wetu. Katibu wa chama akituambia, "Mazungumzo na wenye kuajiri yanaendelea vizuri," tumwulize kama tunavyomwuliza waziri: mmekutana lini, nani alikuwapo, wamekubali nini kwa maandishi? "Yanaendelea" si "yamekwisha". Twajua wapo watakaosema kwamba maswali haya yanavunja umoja. Sisi twasema kwamba umoja unaovunjwa na swali ulikuwa umekwisha kuoza. Mgomo ulioitishwa kwa habari ya uongo huwaumiza wanachama, na mgomo ulioachwa kwa habari ya uongo huwaumiza zaidi, kwa sababu mara ya pili hawatatoka.

Karatasi hii nayo isamehewe? Hapana. Tarehe tulizotaja ziulizeni. Majina tuliyotaja yatafuteni. Mwenzetu atakayekuta kasoro alete kwa tawi, nasi tuisahihishe ukurasa wa kwanza, si kwa herufi ndogo za mwisho.

Kazi njema, na safari salama kwa walio njiani.

Sisi wenu katika kazi,
Wafanya kazi wa reli kutoka Mikinduri, Meru